Chupa Aliyoitaka Mzazi Mwenzangu

Mie sina subira, na mdomo wangu haujui kukaa ndani. Nayasema haya mwanzo kabisa ili msije mkanishangaa huko mbele, maana mdomo huu nusura uniharibie arusi ya mwanangu.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha gesi nje ya Sur, huku Arabuni, mie nakaa Ibra, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba yake. Siku moja akaja, akala, akanawa, akasema anataka kuoa. Nikapiga kigelegele palepale jikoni, mwiko mkononi. Akasema binti anasomesha Kiingereza chuoni Nizwa, ni Mwingereza. Nikasema haya, Waingereza nao wana mama zao. Kisha akainamisha kichwa akasema, "Mama, kwao ni Mayahudi." Nikazima jiko, nikakaa.

Sitajipamba. Siku tatu sikumwambia neno ila "chakula tayari". Si kwamba dini inakataza. Mwanamume wetu kumuoa mwanamke wa Ahlul Kitabi, wale walioteremshiwa vitabu kabla yetu, inafaa, na shekhe alinithibitishia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza jibu sikulipenda. Yalikuwa maneno ya watu, na ilikuwa ile televisheni. Zilikuwa nyakati za kutazama watoto wakitolewa kwenye vifusi kila siku, mie nalia, na najiuliza binti huyu nitamtazama kwa jicho gani.

Binti akaja Jumatano, siku ya soko la wanawake. Akanibebea kikapu soko zima. Tuliporudi televisheni ilikuwa inawaka, na habari ni zilezile. Aliniwahi kulia. Alisimama katikati ya ukumbi machozi yanamtiririka, mie nikaizima, nikamkalisha. Toka siku ile sikuwa na la kumuuliza. Nilimpenda, basi.

Yeye alikuwa na haja moja tu duniani. Baba yake alishafariki, kabaki na mama, na mama alikataa kuja. Kwao binti akiolewa nje ya dini, wengine hukaa chini kama waliofiwa. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato yao kuingia, binti alimpigia simu mama yake, na mama akamweleza habari za mvua. Miezi mizima, mvua tu! Ukimgusia arusi, anakumbuka kuwa ana chungu jikoni.

"Sitaki afurahi," binti aliniambia. Kiswahili chake cha kujifunza kilikuwa kidogo lakini kisafi. "Anune tu. Lakini asimame na mimi siku hiyo."

Nikamwombea. Wallahi nilimwombea kila sala, maana mwanamke kuolewa bila mama yake pembeni ni jambo ambalo simtakii hata adui.

Zilipobaki kama wiki mbili, nikapata ujumbe wa mwanangu kwenye simu. "Mama, mama yake amekubali kuja!! Lakini anataka chuppah. Bila chuppah hasimami. Tumtayarishie tafadhali. Naingia zamu, nazima simu."

Sasa nifahamuni. Watoto wetu waliozaliwa huku, si kule pwani tulikotoka sisi wazee, Kiswahili chao wanakijua wenyewe. Huyu wangu huniandikia "kitu mingi" na "watu imekuja", na nimeshachoka kumsahihisha. Kwa hiyo nilipoona chupa imewekewa p mbili na h mkiani, sikushangaa hata kidogo. Nilichoshangaa ni chupa yenyewe. Kwetu mtu akikwambia arusi fulani ina chupa, hasemi chupa ya chai.

Nikampigia ndugu yangu mdogo wa kike, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. "Njoo usikie ajabu. Mkwe anataka chupa kwenye arusi yangu."

Akaja mbio na upawa mkononi. Yeye ana moyo mzuri kuliko mie. Akasema, "Labda ni chupa ya maji yao ya baraka, kama sisi na zamzamu."

"Soma hapa. Bila chupa hasimami. Mtu asiyesimama bila chupa ni mtu gani?"

"Mlevi," akasema ndugu yangu, akajiziba mdomo.

Ningemuuliza mwanangu yangekwisha. Sikumuuliza. Nilikuwa na hasira, na mie nikiwa na hasira huwa sitaki kuelezwa, naogopa itanitoka. Nikamjibu neno moja, "Nimeona," na yeye akalichukua kuwa nimekubali.

Mama wa binti akafika siku tatu kabla ya arusi. Nilijitayarisha kumpokea mwanamke mrefu mwenye kunuka ulevi. Akashuka kwenye gari bibi mfupi, mnene kidogo, nywele kazifunga kitambaa, mikono imekakamaa kwa kazi kama yangu. Akanisalimu kwa Kiarabu. Kumbe wazee wake ni Mayahudi wa Yemen waliohamia Uingereza, na Kiarabu alichosema ni cha jikoni kwa mama yake, cha zamani, kina maneno ambayo mie mara ya mwisho niliyasikia kwa bibi yangu. Alikuwa kabeba begi moja la nguo na mfuko mmoja wa mahameli, na ule mfuko hakumpa mtu amshikie.

Nikautazama mfuko ule. Nikasema moyoni, imo humo.

Shida ni kuwa nilianza kumpenda. Nilimpikia samaki, akaniuliza kwa heshima kama ana magamba, maana wao wasiokuwa na magamba hawali. Nikamletea ngozi ya yule samaki jikoni, akaikwaruza kwa ukucha, akala vipande vitatu. Nyama hakugusa, na aliomba radhi kwa kutoigusa. Nikamwambia asijali, nasi pia hatuli cha kila mtu. Tukakaa tukihadithiana maumivu ya goti. Lake la kushoto, langu la kulia. Na kadiri nilivyompenda ndivyo nilivyozidi kukasirika, maana angekuwa mtu mbaya ningeelewa, lakini bibi mzima mwenye adabu zake, ataka chupa!

Siku moja kabla ya arusi nilikuwa jikoni na binti, ananitwangia hiliki. Uso wake ulikuwa unang'ara. Akasema, "Mama yangu analala vizuri hapa. Nafikiri atasimama."

Mdomo ukatoka.

"Mwanangu," nikasema, "mama yako ni mgeni wangu, nampa roho yangu akitaka. Lakini chupa humu haiingii. Mwambie mapema."

Mchi ukasimama hewani. "Haiingii?"

"Haiingii. Uani kwangu chupa haitasimama. Ni haramu."

"Haramu?" Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Haramu, na hata kuiona sitaki."

Akauweka mchi taratibu. Akasema, "Nimefahamu, Mama," akatoka. Mie nikaendelea na wali wangu, na kwa muda wa maji kuchemka nilijiona nimefanya la maana. Nimeilinda nyumba yangu. Heshima yangu ipo.

Kisha akaingia dada anayenisaidia kazi, mtu mzima mwenzangu kutoka Tanga, hana papara. Safari hii alikuwa nayo. "Bi mkubwa, mgeni anafunga begi."

"Anafunga begi aende wapi?"

"Sijui. Bibi arusi kakaa chini, kamshika mama yake mguu."

Nilitupa upawa. Nilipofika chumba cha wageni, mlango ulikuwa wazi. Begi juu ya kitanda, limefungwa. Mama amesimama, anakunja kitu alichokitoa kwenye ule mfuko wa mahameli ili akirudishe. Binti chini, paji la uso juu ya goti la mama yake, lile bovu. Nikasema kwa Kiarabu, na nafsi yangu imenisuta lakini sauti bado ni ya ugomvi: "Bibi, usiondoke kwa ajili ya kitu kama hicho. Nitakupa kahawa, nitakupa sharubati, nitakupa asali ya milimani. Lakini khamri siwezi. Nina Mungu wangu."

Akanitazama. "Khamri gani?"

"Si ulitaka mwenyewe? Bila chupa husimami!" Neno chupa nililiacha kwa Kiswahili, na nikainua mkono mdomoni, nikaonyesha mtu anavyokunywa, Mungu anisamehe, mbele ya mgeni.

Mabega ya binti yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Akainua uso, kumbe machozi yapo lakini anacheka, mpaka hawezi kusema. Akamwambia mama yake kwa Kiarabu alichonacho, na ghersha ndiyo chupa kwa Kiarabu cha huku, "Kwao chupa ni ghersha! Alidhani unataka ghersha ya mvinyo!" Kisha akanigeukia mie, akatamka neno lao kama linavyotakiwa, kwa kh ya kooni. Khupa. Waingereza nao, akasema, wakiliona limeandikwa hulisoma kama nilivyolisoma mie, ndiyo maana aliponisikia jikoni hakushuku. Alidhani nimeikataa khupa yao. Alidhani nimeiita haramu.

"Basi khupa ni nini?" nikauliza.

Mama akakikunjua kile kitu alichokuwa anakikunja. Kitambaa cha sufu nyeupe, kina mistari myeusi, kimegeuka rangi ya maziwa kwa uzee, na kwenye kila pembe kinaning'inia kishada cha nyuzi zilizofungwa mafundo. "Hii," akasema. "Huinuliwa juu kwa fito nne, na maarusi husimama chini yake. Ni nyumba. Haina ukuta, kila mtu aingie." Ni vazi la sala la mumewe, akanieleza. Alikuwa nayo mawili. Moja alizikwa nalo, na hili ndilo lililoinuliwa juu yao wawili siku aliyomuoa.

Na mie nimesema hata kulitazama sitaki.

Nilikaa juu ya kitanda. Nikamwomba radhi kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu kiliniishia. Hakucheka mara moja. Aliutazama mkono wangu uliokuwa unakunywa hewa, ndipo kicheko kikampanda kutoka tumboni, akaja akakaa juu ya begi lake mpaka likabonyea. Tulicheka mpaka dada akaja kuchungulia.

"Lakini nisikufiche," akasema, akijipangusa. "Kikombe kimoja cha mvinyo huwa kipo. Juisi ya zabibu inafaa pia. Mume wangu mvinyo ulikuwa unamchoma tumbo, tulioana kwa juisi."

"Juisi ninayo hata ya kuogea," nikamwambia.

Kisha uso wake ukabadilika. Akamtazama binti yake, akasema polepole ili na mie nifahamu. "Nilisema bila khupa sisimami. Sikusema nikiwa nayo nitasimama. Kwa sheria yetu hii si ndoa, na hakuna mwanachuoni wetu atakayekuja kuisomea dua. Nimeleta kitambaa cha baba yako kwa sababu sikuweza kukiacha nyumbani siku kama hii. Kama nitaweza kuingia chini yake, sijui. Usinilazimishe."

Binti akasema hatamlazimisha. Niliona jinsi alivyolimeza lile neno, na nikajichukia, maana aliingia jikoni kwangu uso unang'ara akiwa na tamaa nzima, na sasa karudishiwa nusu.

Arusi ikafika. Asubuhi wanaume walifungisha nikahi ukumbini, shekhe, kaka yangu, na majirani wachache waliokubali kuja. Wengine walipata safari za ghafla za miji ya Adam na Ashkhara, sitawataja. Mama aliomba kuiona karatasi ya nikahi. Akaishika mbali na macho, akasema kwao pia mwanamume huandika atakachompa mke na atakavyomtunza, mashahidi wawili wakatia mikono, na ikasomwa kwa sauti mbele za watu. Wanaiita ketuba. Nikasema ketuba, kitabu, si neno moja hilo? Akasema ni moja.

Bibi arusi alikuwa hajala toka alfajiri. Nilimfuata na sahani ya vitumbua, akakataa, nikadhani ni homa ya arusi. Kumbe kafunga! Kwao maarusi hufunga siku ile, kwa kuwa ni siku ya kusamehewa madhambi. Nikaenda kumtazama mwanangu, naye kafunga, midomo imemkauka, ananificha mie. Nilikwenda chumbani nikalia kidogo peke yangu, kisha nikajipaka wanja upya.

Baada ya alasiri tukatoka uani, sisi wa nyumbani tu. Kwanza bwana arusi lazima amtazame bibi arusi usoni, ndipo amfunike shela kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya Nabii Yaakub, aliyeletewa bibi arusi kafunikwa, akaja kugundua kapewa dada mtu. Kisa hicho nakijua, nikamwambia mwanangu atazame sana, tusije tukabadilishiwa. Ndugu yangu akanifinya.

Fito hatukuwa nazo. Tukatumia bakora nne za wanaume, moja ni ya shekhe, aliiacha mlangoni wala hakuuliza ya nini. Tukaifunga kila pembe ya kitambaa kwenye bakora. Nilishika mie moja, ndugu yangu moja, dada wa Tanga moja, na kaka yangu ya nne. Mwanangu akasimama katikati. Bibi arusi akaanza kumzunguka, mara saba, na ndugu yangu akaninong'oneza kuwa saba ni kama tawafu. Nikamwambia anyamaze na mie nimeona.

Mama yake alisimama nje ya kitambaa, hatua tatu kutoka kwangu, mikono kaikumbatia kifuani. Kila binti alipopita upande wetu, shela iligeuka kidogo kumwelekea. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama anatazama chini kwenye saruji. Ya saba ilipokwisha binti akasimama kando ya mwanangu, na kulia kwake pakabaki pa mtu mmoja. Sote tulipaona. Hapakuwa na wa kusema dua, kwa hiyo tunamsubiri yeye mwenyewe binti aisome kutoka kwenye karatasi aliyoishika, na haanzi. Mwanangu ananitazama mie, kama mama ni mtu wa kuweza kila kitu.

Nikamgeukia yule bibi. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka shingoni na hayapangusi. Alikuwa anataka. Mama yeyote angeona kuwa anataka, na kwamba mguu umemkatalia, na kwamba neno la kumbembeleza lingemrudisha nyuma.

"Bibi," nikasema kwa Kiarabu, "bega langu limekufa. Kitaanguka hiki. Nipokee."

Bega langu lilikuwa zima kabisa. Mie bado nanyanyua gunia la mchele.

Akalitazama bega. Akanitazama usoni, kwa muda mrefu, yule mwanamke aliyeniona nikinywa hewa. "Muongo mkubwa wewe," akasema kwa sauti ya chini. Na akaja. Akashika bakora juu ya mkono wangu, nikauchomoa wangu, kitambaa cha mumewe kikatulia juu ya kichwa chake, na hatua moja zaidi ikamweka ubavuni kwa mtoto wake.

Binti akaanza kusoma. Sauti ilikatika mara mbili, akaendelea. Wakanywa juisi. Mwanangu akaikanyaga bilauri iliyofungwa kwenye leso, ikapasuka, ndivyo wanavyofanya ili hata kwenye furaha wakumbuke kilichovunjika. Sisi hatukujua la kusema baada ya hapo. Mama peke yake ndiye aliyelijua neno lao la heri, akalisema kwa nguvu.

Nikapiga kigelegele, nikanyoosha mkono kuipokea bakora yangu. Akanisukuma kwa kiwiko, hakuiachia.